Tairi Pana za Ofwono

Sajini Abbo alipiga magoti kwenye uga wa kituo cha polisi, mjini Tororo, akaingiza kichwa chini ya madigadi ya gari la mtu ambaye asubuhi hiyo alikuwa amemtemea mate. Mate yenyewe yalimkosa, yakaishia kwenye nondo za selo, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Abbo hakuwa mtu wa kubembeleza mahabusu. Kilichomleta pale chini ni kitu kimoja ndani ya jalada la kesi kilichokuwa kinamkera, na kitu kikimkera yeye huwa hali, halali, na wenzake nao hawapati raha.

Juu ya baraza alisimama mkuu wake wa upelelezi, Inspekta Okia, na kikombe cha chai mkononi. Alimwuliza kama amechoka na upolisi anataka kuwa fundi. Kisha akamkumbusha kwamba lori la mahabusu linaondoka saa nane mchana kwenda mahakamani, kwamba Ofwono atakuwamo ndani yake, na kwamba shtaka likishasomwa hakuna atakayemwuliza sajini anafikiri nini. Chai yake aliinywa kwa mafunda ya kelele, makusudi.

Shtaka lilikuwa la mauaji. Anayeshtakiwa kwa mauaji harudi nyumbani kungoja kesi. Anakaa rumande mpaka watoto wake waanze kumsahau sura, na akipatikana na hatia anaweza kunyongwa. Ofwono, dereva wa teksi ya kukodi kutoka Kisoko, alikuwa na asubuhi hiyo tu ya kuokolewa, na aliyejitokeza kumwokoa ni mwanamke yuleyule ambaye yeye Ofwono alimtemea mate.

Aliyekufa aliitwa Ekaju, mkulima wa Dabani. Aligongwa jioni, mvua ikiwa imetoka kukatika, akirudi nyumbani kwa baiskeli katika barabara ya udongo inayotoka mpakani Busia kuja Tororo. Alikutwa mtaroni. Kando ya baiskeli kulikuwa na vipande vya kioo cheupe ambavyo polisi wa kwanza kufika waliandika kuwa ni vya taa ya baiskeli, bila kumwuliza mtu yeyote kama baiskeli hiyo ilikuwa na taa. Tope lilikuwa limeshika alama za gari vizuri mno: tairi pana, zenye michirizi ya V kama tairi za trekta.

Tairi za namna hiyo zina upande wake. Ubavuni zimechorwa mshale wa kumwonyesha fundi zizunguke vipi. Zikifungwa sawasawa, ncha ya V ndiyo inayotangulia kugusa ardhi, kwa hiyo kwenye tope ncha inabaki kuelekea gari lilikotoka, na mdomo wa V unafunguka linakokwenda. Pale Dabani midomo yote ilifunguka kuelekea Busia. Lakini Ekaju na baiskeli yake walikuwa wametupwa upande wa Tororo.

Okia alipiga hesabu yake akafurahi. Gari lilikuwa limeelekeza pua Busia, akasema, likapigwa rivasi na kumfuata mtu nyuma. Hakuna anayemgonga mwendesha baiskeli kwa rivasi kwa bahati mbaya. Hapo kesi ilipanda cheo kutoka ajali hadi mauaji. Katika eneo lote, gari pekee lililojulikana kuvaa tairi zile lilikuwa Premio ya kijivu ya Ofwono. Mwenyewe alikiri kwamba jioni ile alipita akielekea Busia. Soko zima la Dabani lilikuwa limemsikia akimwambia Ekaju, walipogombania njia, kwamba siku moja atamkanyaga. Na madigadi ya Premio yalikuwa yamegongwa nyundo juzijuzi. Ungetaka nini tena?

Abbo alipitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa madigadi ya mbele kushoto. Alama za nyundo zilikuwapo, zimepangana. Akahamia mbele kulia, akazikuta. Akaenda nyuma, kushoto na kulia, akazikuta vilevile. Akainuka akipangusa magoti, akamwambia Okia kwamba hajui baiskeli inayoweza kugonga gari kwenye pembe zote nne.

"Kamwulize mwenyewe," Okia akasema. "Anakupenda sana."

Selo ilinuka mkojo na dawa ya kupigia deki. Abbo alisema na Ofwono kwa Kiswahili, kwa sauti, ili mlinzi asikie kila neno na asiwepo wa kudai kwamba walinong'onezana kwa lugha yao, Kidhopadhola. Nje ya geti walikuwa wamekaa ndugu zake Ekaju, na mmoja wao alishasema waziwazi kwamba yule sajini amekuja kumwosha mtu wa kabila lake. Ofwono naye alikuwa na yake.

"Wewe ni mtoto wa Padhola," alisema, "na wewe nakuja kwangu na Kiswahili kama mimi ni mgeni."

"Madigadi ulipiga nyundo lini?"

"Siku nafunga tairi. Tairi pana inakula madigadi. Gari ikiwa tupu, hakuna maneno. Ikibeba watu wanne inakaa chini, inakwaruza. Mimi nachukua nyundo, nakunja ukingo ndani. Nyinyi polisi mnaona damu kila mahali."

Kidogokidogo, kwa hasira, akamweleza jinsi alivyozichagua. Tairi zake za zamani zilikuwa nyembamba, na msimu wa mvua uliopita zilimtelezesha mpaka shambani karibu na Busitema, wanafunzi watatu wakiwa ndani wakipiga mayowe. Akaapa hatarudia. Alitaka pana, lakini pana ya hatua moja tu, maana ikizidi usukani unakuwa mzito na mafuta yanakwisha. Rimu alitaka za alumini nyepesi, kwa sababu gari lenye miguu mizito halinyanyuki upesi na springi zake zinachoka mapema. Seti ya kwanza aliikataa kwa kuwa ilitokeza nje ya bodi. Alipofika hapo sauti ilimlainika kidogo, akasahau kwamba anaongea na adui.

"Nani alifunga?"

"Lenox, Busia ya Kenya. Mimi nasimama pale, naangalia mshale, moja moja."

"Baadaye ulizitoa? Ulibadilisha za kushoto ukaweka kulia?"

Ofwono alimkata jicho. "Wewe navaa kiatu ya kushoto kwa mguu ya kulia?"

Abbo akamwuliza kuhusu lile neno la kumkanyaga Ekaju. Ofwono hakukana. Alisema alilitamka, na kwamba mdomo wake ni mbaya lakini kuendesha kwake si kubaya. Kisha akamgeuzia mgongo.

Abbo alirudi ugani, akapanga picha za alama za tope juu ya boneti ya Premio. Alizitazama mara nyingi kuliko alivyotazama kitu kingine chochote mwezi ule, na sasa ndipo kilichomkera kilipojitokeza. Kabla tu ya mahali alipogongwa Ekaju, gari lilikwepa. Mtu yeyote aliyewahi kutoka nyumbani kwa rivasi akakata usukani ghafla anajua kinachotokea: pua ya gari hutupwa upande wa pili, ndiyo maana nguzo nyingi za geti zina rangi za magari. Kwenye picha hizi hakukuwa na pua iliyotupwa. Magurudumu ya mbele yalikata kwanza, ya nyuma yakayafuata kwa utulivu, kuelekea Tororo. Lile gari lilikuwa linakwenda mbele.

Lilikwenda mbele kuelekea Tororo, na V zikasema linaelekea Busia. Mmoja alikuwa anadanganya, na gari haliwezi kudanganya namna linavyokata kona. Basi tairi zilikuwa zimefungwa kinyume, kushoto kulia na kulia kushoto. Abbo akazunguka Premio akisoma mishale. Yote minne ilitazama mbele.

Alimpelekea Okia hoja hiyo barazani. Okia alisikiliza, na lazima isemwe kwamba alielewa, maana hakuwa mjinga, alikuwa mvivu tu na mwenye kiburi. Akajibu kwamba Ofwono angeweza kuzigeuza baada ya tukio, kwa mikono ileile iliyoshika nyundo.

"Nipe jina," akasema. "Mahakama haifungi mishale jela. Kabla ya lori kutoka nipe jina la mtu mwingine, nilisikie kinywani mwa mtu aliyekuwapo. La sivyo Ofwono anapanda."

Abbo alikwenda Busia kumtafuta Lenox aliyeuza tairi zile, akavuka mpaka kwa miguu, kwa njia halali, akiwa hana silaha wala mamlaka. Upande wa Kenya alisubiriwa na Koplo Anjeline, ambaye alianza kwa kumkumbusha juu ya pikipiki ya wizi aliyoiombea msaada Tororo mwaka jana akajibiwa kwa kimya. Alisema atamsindikiza mpaka dukani kwa Lenox kwa sababu mkubwa wake ameamuru, na si kwa sababu ya mapenzi. Wakatembea wakipishana na wafanyabiashara wa ndizi na mikokoteni ya saruji.

Duka la Lenox lilikuwa na uwanja mpana wa kufungia tairi. Rimu zilikuwa zimetundikwa ukutani zikimeta, na Lenox mwenyewe, shati jeupe na mikono misafi, alikuwa akimhudumia mchungaji mmoja aliyetaka tairi pana kuliko zote zilizokuwapo.

"Pastor, usinunue na macho," Lenox alikuwa akisema. "Hii ukiweka kwa gari yako, mvua ikinyesha itaelea juu ya maji. Chukua pana ya kiasi. Na rimu chukua nyepesi, lakini si hii ya bei ya kutupa, hii shimo moja tu inapasuka. Mimi siuzi kitu ya kuua mtu wa Mungu."

Abbo alimwacha aongee. Macho yake yalikuwa yametua kwenye saluni moja nyeupe, gari dogo la abiria, iliyoegeshwa pembeni. Ilikuwa imevaa tairi kuukuu, nyembamba, zilizolika hadi aibu. Taa yake ya kulia ilikuwa imefifia kwa jua kama jicho la mzee, na ya kushoto iling'aa, mpya kabisa. Kwenye rundo la tairi karibu na gari hilo alikaa mwanaume mwenye ndevu, akitafuna njugu. Anjeline alimnong'oneza Abbo kwamba huyo anaitwa Kevo, dereva wa duka.

Lenox aliwaona. Akamwuliza Anjeline kama siku hizi anatembeza wageni, kisha akamgeukia Abbo kwa tabasamu lisilofika popote. "Madam, hapa ni Kenya. Hata salamu yako inahitaji kibali."

Abbo alimwonyesha picha, mbele ya mchungaji, bila kushusha sauti. Lenox akasema kwamba ndiyo, tairi hizo anaziuza yeye peke yake pande hizi. Ndiyo, yeye ndiye aliyemwuzia Ofwono wa Kisoko, tena alimfungia kwa mikono yake mwenyewe. Abbo akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayeambiwa habari ya msiba.

"Basi ulimfungia kinyume," akasema. "Kwenye tope V zimeangalia nyuma. Tairi ikifungwa hivyo kwenye mvua haitoi maji, inateleza. Gari la Ofwono liliteleza likaua mtu pale Dabani. Kwa hiyo aliyeua ni mkono wa fundi. Pastor, ungoje kidogo kabla hujalipa."

Mchungaji alirudisha mkono mfukoni. Kwenye rundo la tairi njugu zilikuwa zimeacha kutafunwa.

Kama Abbo angemtuhumu Lenox kwa magendo, Lenox angecheka na kumwita wakili. Kama angemtuhumu kwa wizi, angemwonyesha risiti. Lakini kuambiwa mbele ya mteja kwamba hajui kufunga tairi, hilo lilimpanda kichwani. Shingo ilimvimba. Aliinyakua picha, akaigonga kwa kidole.

"Hapo umenikosea heshima. Mimi sijawahi kufunga kinyume tangu nianze hii kazi, uliza Busia mzima. Hii si kufunga ya kuvaa. Hii ni ya kuvusha. Inapigwa nati mbili mbili, inatembea, huko ng'ambo inatolewa. Nani atahangaika na mshale?"

Ndipo alipojisikia anachosema. Kidole kilibaki juu ya picha.

"Kuvusha nini, Lenox?" Anjeline akauliza. Kinyongo chote kilikuwa kimemtoka usoni.

Hakuhitaji kujibiwa, maana mpakani pale hakuna asiyeujua mchezo huo, ila watu hawautaji kwa jina. Tairi mpya zikibebwa ndani ya gari ni mzigo, na mzigo unalipiwa ushuru. Zikifungwa chini ya gari ni miguu tu. Gari linakuja Kenya limevaa kandambili, linarudi Uganda limevaa viatu vya harusi, tena kwa njia za panya ili lisitazamwe sana. Likifika Tororo linavuliwa, linavishwa kuukuu nyingine zilizohifadhiwa huko, na mnunuzi anapelekewa seti yake imesafishwa tope. Anayefunga kwa safari hiyo anafunga haraka, kwa spana moja, akitazama njia kuliko anavyotazama tairi. Fundi mwenye sifa kama Lenox asingefanya kosa lile. Dereva wake angelifanya kila safari.

Abbo alimpigia Okia. Akamwambia alichokisikia, na Okia akasema neno moja tu, "Jina," na nyuma ya sauti yake ilisikika injini ya lori ikinguruma. Abbo hakukata simu. Aliishika mkononi, wazi, akamwuliza Lenox nani aliendesha seti ya tairi kwenda Tororo jioni ile ya mvua.

Lenox aliangalia pingu zilizokuwa kiunoni mwa Anjeline. Akaangalia saluni nyeupe na taa yake mpya. Ungeweza kuona anavyopima, kama anavyopima upana wa tairi na nafasi iliyopo ndani ya madigadi, kipi kinaingia na kipi kitakwaruza. Hakuchukua muda.

"Mimi nauza tairi," akasema. "Zikitoka hapa, anayeziendesha anajua mwenyewe. Ni Kevo. Kama kuna mtu aligongwa, mimi sikuambiwa kitu. Mchukueni."

Kevo alisimama. Abbo alijiandaa kumkimbiza, na Anjeline akasogea kuziba geti, lakini yule mwanaume hakuwatazama wao kabisa. Alimtazama Lenox, na uso wake ulikuwa na mshangao wa mtu aliyepigwa kofi na mzazi. Alipoongea aliongea taratibu, na chuki iliyokuwamo ndani ya maneno yake Abbo aliisikia mpaka kwenye meno.

"Sikumwona, bosi. Baiskeli haikuwa na taa. Nilikwepa, gari ikateleza. Lakini nilisimama. Nilishuka nikamshika kichwa, nikakupigia simu nikiwa nimemshika hivyo. Nikakuambia mzee anapumua, anaomba maji, nimweke nyuma nimpeleke hospitali Tororo. Wewe uliniuliza kama tairi ziko sawa."

"Kevo, nyamaza," Lenox akasema.

"Nikakuambia ziko sawa. Ukasema nikifika hospitali na hizo tairi polisi watauliza, niende nizivue kwanza, nivae za zamani, halafu ndio nirudi nimchukue. Nikaenda nikazivua. Niliporudi alikuwa amekata roho, na mdomo umejaa tope kwa sababu alijaribu kunywa ile maji ya mtaroni."

Mchungaji alivua kofia. Anjeline alipita mbele ya Kevo bila kumgusa, akaanza na mikono ya Lenox, ile misafi, akaifunga pingu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Lenox alikuwa bado akisema kwamba yeye ni muuzaji tu, kwamba ana leseni, kwamba atampigia mtu fulani simu. Abbo alijikuta anataka kumpiga, na alishukuru kwamba alikuwa katika nchi isiyokuwa yake.

Alikumbuka simu, akaiinua sikioni. Okia alikuwa bado yupo, amesikia yote. Injini ya lori ilinguruma nyuma yake, kisha ikazimwa. Baada ya hapo alimsikia mkuu wake akiita kwa sauti iliyopasuka, akimwagiza askari amshushe Ofwono na amfungue mikono hapohapo ugani, ndugu zake Ekaju wakiona.